Unga wa maua katika sega la nyuki: chakula cha wazee, dawa ya sokoni

Utangulizi

Tunapoandika juu ya mila zetu, mara nyingi tunaandika juu ya ngoma, ndoa na matanga. Chakula kinasahaulika, hasa kile cha pori. Hapa Lusangi, na katika Kasongo na Kabambare kwa jumla, hakuna mtu asiyejua asali. Lakini ndani ya sega kuna kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana: vile vijichumba vilivyojaa unga wa rangi ya njano, ya machungwa au ya kahawia, wenye uchachu kidogo mdomoni. Kiswahili cha vitabu kinauita chavua. Wanafunzi wetu, kwa kuwa wanasoma kwa Kifaransa, wanasema poleni. Sisi katika maandiko haya tutauita unga wa maua, maana ndivyo ulivyo.

Miaka hii unga huo umeanza kuuzwa peke yake, katika vichupa na vifuko, pamoja na maneno mengi. Mwuzaji anasema: «Mama, hii inaponyesha tansio, sukari, tumbo, hata nguvu ya mwanaume inarudi.» Watu wananunua. Wengine wanaacha vidonge walivyopewa na munganga, juu ya kuamini kwamba dawa ya pori haina ubaya, tena ni ya wazee wetu.

Ndiyo sababu tumeona inafaa kuuliza swali la historia: je, kweli wazee walitumia unga huu kama dawa? Walikula nini hasa, na namna gani? Na huyu wa chupa ametoka wapi?

1. Kitu chenyewe

Nyuki anapoingia katika ua, nywele za mwili wake zinashika unga. Anaukusanya kwa miguu, anaulowesha kwa asali kidogo, kisha anaubandika katika miguu ya nyuma, pahali palipotengenezwa sawa vile kikapu. Ukisimama mbele ya mzinga asubuhi utawaona wakirudi na vidonge viwili, kimoja kila mguu. Kidonge kimoja kina uzito wa miligramu 7 au 8 hivi. Maana yake, kupata gramu moja tu inaomba safari zaidi ya 60.

Ndani ya mzinga unga unasukumwa katika vijichumba, unachanganywa na asali na mate, na unachachuka, kidogo sawa vile mihogo tunayoloweka. Wataalamu wanauita hapo mkate wa nyuki. Asali inampa nyuki nguvu ya kuruka, lakini unga ndio nyama yake: bila huo watoto wa nyuki hawakui. Kundi moja linatumia kilo 20 au zaidi kwa mwaka. Kwa hiyo anayeuchukua wote anakula akiba ya watoto.

Kwa mtu, unga huu ni chakula cha kweli. Mara nyingi sehemu moja ya tano hivi ni protini. Nyingine ni sukari, mafuta kidogo, vitamini za kundi B na madini. Lakini unabadilika sana kufuatana na maua. Nyuki wa kwetu wanachukua unga wa mahindi na wa michikichi, tena na wa majani ya pori. Haiko kitu kimoja chenye nguvu moja.

Tena tufanye hesabu ndogo ya darasani. Kijiko cha gramu 10 kinaleta protini ya gramu 2 hivi. Konzi ya karanga ya gramu 30 inaleta gramu 7 hivi. Karanga zinalimwa hapa kwetu, na bei yake kila mama anaijua. Basi yule anayenunua kichupa kwa bei kubwa ili mtoto wake apate nguvu, afadhali anunue karanga na maharagwe, fedha nyingine itabaki.

2. Wazee walivyokula

Katika misitu ya mashariki ya Kongo, asali ya zamani ilikuwa zaidi ya kutafuta kuliko ya kufuga. Vyombo ni shoka, kamba, moto wa majani wenye moshi, na kitu cha kutilia: kibuyu au gome. Wapandaji hodari walijulikana. Majirani zetu Bambote, wa upande wa Kalemie na Nyunzu, na Bambuti wa Ituri ni mabingwa wa kazi hiyo. Wataalamu kutoka Japani walikaa nao wakaandika: Hiroaki Terashima alitoa maandiko juu ya Bambote mwaka 1980, na Mitsuo Ichikawa juu ya asali ya Bambuti mwaka 1981. Kwa Bambuti majira ya asali ni majira ya kambi kuhama na watu kugawana.

Ukienda mpaka Tanzania, kwenye ziwa Eyasi, Wahadza wanasaidiwa na ndege anayeonyesha asali. Anaita, mtu anamfuata, mtu anapasua mti, na ndege anapata nta. Mwaka 2014 watafiti walihesabu kwamba asali iliyopatikana kwa msaada wa ndege huyo ilileta sehemu ya 8 mpaka 10 kwa mia ya chakula chao chote. Kenya nako, katika msitu wa Mau, asali ya Ogiek inaingia hata katika mambo ya ndoa.

Katika desturi hizi kuna jambo moja lenye maana kwa swali letu. Sega lilikatwa na kuliwa zima. Asali haikuchujwa kwa kitambaa sawa leo. Mtu alitafuna asali, unga wa maua, hata watoto wa nyuki, kisha akatema nta. Kwa hiyo unga uliliwa kweli, lakini uliliwa kidogo, ndani ya asali, katika majira yake, na ulitoka katika maua ya pori ambalo walaji walilijua. Hakuna aliyekaa kuchambua unga peke yake na kuula vijiko vitatu kila siku, mwaka mzima.

Hata nyuki wadogo wasiouma wanatufundisha hivyo. Wao wanaweka asali katika vijungu vya nta upande mmoja, na unga katika vijungu vingine. Ingekuwa rahisi kuuchukua unga wao peke yake. Lakini sifa ya nyuki hao kati ya watu ni asali yao, ile nyepesi yenye uchachu, ambayo inaombwa kwa kikohozi.

Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, familia nyingi za kwetu zilikimbilia porini. Hapo elimu ya chakula cha pori ilirudi kuwa elimu ya maisha. Tunaandika haya ili vijana wasifikiri kwamba tunadharau mambo ya wazee. Tunataka kuyaeleza sawasawa, bila kuongeza.

3. Sifa ya asali na njia ya misafara

Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na Kabambare kituo katika njia inayotoka ziwa Tanganyika. Aprili 1893 askari wa Dhanis waliingia Kasongo, na utawala wa wangwana ukaisha. Lakini vitu vilivyokuja na misafara vilibaki: Kiswahili, mchele, Uislamu. Na watu wa Maniema nao walifika Ujiji, Tabora, hata Dar es Salaam. Tabora ni nchi ya Wanyamwezi, wanaotundika mizinga ya magome na ya magogo katika miti ya miombo, na asali yake ina sifa mpaka leo.

Pamoja na Uislamu ilikuja heshima nyingine ya nyuki. Sura ya 16 ya Kurani inaitwa kwa jina lao, An-Nahl, na aya zake za 68 na 69 zinaeleza namna nyuki wanavyojenga katika milima na miti, na kinywaji cha rangi mbalimbali kinachotoka kwao, ambamo kuna ponya kwa watu. Wauzaji wengine sasa wanashika aya hiyo ili kuuza unga. Lakini msomaji ataona mwenyewe: aya inasema juu ya kinywaji. Unga wa maua hautajwi.

Asali yenyewe iko na ushahidi wake. Wamisri waliipaka katika vidonda. Karatasi ya mafunjo inayoitwa kwa jina la Edwin Smith, yenye umri wa miaka 3,600 hivi, inaeleza. Leo hospitali mbalimbali duniani zinatumia asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda, na kwa kikohozi cha mtoto aliyepita mwaka mmoja asali inasaidia. Sifa hiyo ni ya asali. Unga umeiazima tu, kwa kuwa umetoka katika nyumba moja.

4. Unga ulivyoingia katika chupa

Unga unaouzwa peke yake si wa zamani. Ulihitaji kwanza chombo: mtego wa unga. Ni kipande cha ubao au cha waya chenye matundu madogo, kinachowekwa mlangoni mwa mzinga. Nyuki anapita kwa shida, vidonge vya miguu yake vinang'oka na kuanguka katika kisanduku chini. Chombo hicho ni cha karne ya 20, na kinaomba mzinga wenye mlango mmoja uliotengenezwa vizuri, si tundu la mti.

Baada ya vita ya pili ya dunia biashara hiyo ilikua Ulaya. Kati ya walioandika kuusifu unga ni Mfaransa Alin Caillas. Kutoka Ulaya na Marekani sifa zilienda mbele kuliko ushahidi: eti unarudisha ujana, unapunguza unene, unaponyesha mzio, unatia nguvu za kitandani. Mwaka 1992 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilifuatilia kampuni moja iliyotangaza maneno hayo bila uthibitisho. Kampuni ilikubali kulipa dola 200,000.

Sasa linganisheni maneno hayo na yale ya mwuzaji wa sokoni kwetu. Ni yaleyale! Kwa hiyo anaposema «dawa ya wazee», kwa kweli anarudia tangazo la wageni la miaka ya 1980, ila amelivalisha kitambaa cha kwetu.

5. Dawa inapimwa kwa hesabu

Mtu anaweza kutuuliza: «Ninyi walimu mnajuaje kwamba haiponyeshi?» Swali ni zuri. Jibu lake liko karibu kuliko tunavyofikiri, maana mji wetu wa Kasongo uko na jina katika historia ya kupima dawa.

Kuanzia mwaka 1971, waganga wa Zaire ya wakati ule pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, waliendesha hapa Mradi wa Kasongo, juu ya afya ya watu vijijini. Walitaka kujua: je, chanjo ya surua inapunguza kweli vifo vya watoto? Hawakutosheka na kusema kwamba chanjo ni nzuri. Walifuata watoto kutoka miezi 7 mpaka 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakahesabu waliokufa na waliobaki. Matokeo yalitoka mwaka 1981 katika gazeti la waganga, The Lancet, na wataalamu wa dunia walibishana juu yake miaka mingi. Ndiyo njia: kulinganisha, kuhesabu, na kukubali kubishiwa.

Unga wa maua nao ulipimwa kidogo. Mwaka 1982 Waingereza wawili, Maughan na Evans, walitoa matokeo ya vijana waogeleaji. Wengine walipewa dawa iliyotengenezwa kwa unga wa maua, wengine kitu kinachofanana kisicho na kitu ndani. Nguvu ya kuogelea haikuzidi upande wowote. Lakini siku za mazoezi zilizopotea kwa mafua na kifua zilikuwa 4 kwa waliokula unga, na 27 kwa wengine. Hii ni habari nzuri, na hatuifichi. Ila kundi lilikuwa dogo, na jambo moja la namna hiyo linaomba kurudiwa kwa watu wengi kabla ya kuitwa dawa. Juu ya tansio na sukari, hakuna ushahidi wa namna ya kumruhusu mgonjwa aache vidonge vyake.

6. Hatari zake

Kwa watu wengi, unga ulio ndani ya sega hauleti shida. Lakini wapo ambao kwao ni hatari, na inafaa wajulikane.

Wa kwanza ni wenye mzio. Mwaka 1873 mganga Mwingereza Charles Blackley alionyesha kwamba unga wa maua unaopeperushwa na upepo ndio unaoleta mafua ya majira, yale ya kupiga chafya na macho kuwasha. Mtu wa namna hiyo, au mwenye pumu, akila unga kwa kijiko, mwili wake unaweza kupigana nao vikali. Mwaka 2012 gazeti la waganga wa Kanada lilieleza habari ya mwanamke wa miaka 30, mwenye mafua ya majira tu, ambaye hakuwa na shida na chakula chochote. Alikula unga wa nyuki, akavimba, akakosa pumzi, ikabidi atibiwe kwa haraka. Dalili za kuangalia ni mdomo kuwasha, midomo na macho kuvimba, mwili kutoka vipele, pumzi kubana, kizunguzungu. Hapo si wakati wa maziwa wala wa majani. Ni kukimbiza mtu kituo cha afya, ambako sindano ya adrenalini inaweza kumwokoa.

Wa pili ni wanaotumia dawa za kulainisha damu. Mwaka 2010 waganga wa Marekani walieleza mgonjwa ambaye damu yake ilizidi kuwa nyepesi alipoongeza unga wa nyuki juu ya dawa inayoitwa warfarini. Mwenye dawa ya kila siku amwulize kwanza munganga wake.

Wa tatu ni mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Hakuna aliyepima vizuri kwamba ni salama kwao, basi heri waache.

Wa nne ni mtoto mchanga. Hapa tunasema wazi hata kama linagusa desturi. Mwaka 1976, katika California, waganga walitambua ugonjwa wa watoto wachanga unaolegeza mwili mpaka pumzi, unaoletwa na kijidudu kinachoweza kulala ndani ya asali. Tangu hapo shauri ni moja duniani: mtoto asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Na sega lenye unga ni hivyohivyo. Familia za Kiislamu zinazomlambisha mtoto kitu kitamu anapozaliwa hazipotezi kitu, maana asili ya sunna hiyo ni tende iliyolainishwa.

Tena kuna hatari katika unga wenyewe. Mimea mingine ina sumu inayoharibu ini polepole. Kati yake ni jamii ya Crotalaria na Senecio, na zote zinaota Afrika. Sumu hiyo inaingia katika unga wake. Tangu Julai 2022 nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kipimo: mikrogramu 500 kwa kilo moja ya unga, isizidi. Huku kwetu nani anapima? Na unga mbichi una maji mengi. Usipokaushwa vizuri, katika unyevunyevu wa Maniema, unaota kuvu ndani ya chupa.

Watu wanasema: «Kitu cha pori hakina ubaya.» Lakini sisi ni watu wa mihogo! Mama zetu wanajua kwamba mhogo mchungu usipoloweshwa unaua. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika juu ya konzo, ule ugonjwa wa miguu kupooza, katika Kwango. Baadaye ilijulikana kwamba unafuata mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri. Mila yetu haikusema kwamba kila kinachoota ni salama. Ilisema: jua kitu, kitengeneze, kisha ule.

7. Mashauri yetu

Anayepata sega zuri la pori, na hana mzio, ale kama wazee walivyokula: kidogo, pamoja na wenzake. Anayetaka kujaribu unga peke yake kwa mara ya kwanza, aanze na chembe chache, asubiri, tena asiwe peke yake nyumbani. Mgonjwa asiache vidonge vya munganga. Anayeuza aseme maua gani, mwezi gani, na namna gani ulikaushwa, akishindwa, tusinunue.

Vijana wanaotaka kufuga, waanze na asali na nta, ambazo zinajulikana sokoni. Wakiweka mtego wa unga wauondoe mara kwa mara, ili watoto wa nyuki wasife njaa. Na tuache desturi ya kuangusha mti mzima na kuuchoma juu ya asali ya siku moja. Mchovya asali hachovyi mara moja, lakini mti ukianguka utachovya wapi tena?

Mwisho, tunaomba walimu wenzetu wafanye kazi moja pamoja na wanafunzi: waende kwa wazee wanaobaki, waandike majina ya miti na maua ambayo nyuki wanayapenda, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na mwezi ambao kila moja linachanua. Daftari hiyo itatusaidia kujua unga wa kwetu unatoka wapi. Bila hiyo, mwuzaji ataendelea kutueleza mila zetu wenyewe, tena kwa bei yake.